Dhahabu, pofirini au nukta za kaboni: uchague ipi kwa utafiti wa mwanga na saratani ukiwa Arusha au Moshi

Mwanafunzi wa uzamili wa huku kaskazini anayetaka kutafiti chembe nano zinazoamshwa na mwanga, ziwe za kuonyesha saratani au za kuitibu, hukutana mapema na njia tatu zinazogombea muda wake. Ya kwanza ni chembe za dhahabu, ambazo hugeuza mwanga kuwa joto. Ya pili ni pofirini, jamii ya molekuli ambazo hutumia mwanga na oksijeni kutengeneza sumu inayodumu kwa muda mfupi sana. Ya tatu ni nukta za kaboni, ambazo kazi yake kubwa ni kung'aa. Nilipoteza miezi mingi katika njia ya kwanza na ya tatu kabla ya kutulia katika ya pili, hivyo msomaji ajue tangu sasa kwamba mizani yangu imeelemea upande mmoja, ingawa sababu zake nitaziweka wazi ili naye azipime.

Kabla ya kulinganisha chembe zenyewe, ingia katika chumba chenye giza, washa tochi ya simu, kisha uzibe taa yake kwa ncha ya kidole. Taa ni nyeupe, lakini kinachotokea upande wa pili wa kidole ni wekundu mtupu. Damu imemeza rangi ya bluu na ya kijani na kuiachia nyekundu ipite. Ukiendelea mbele ya wekundu, kwenye mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, utafika mahali ambapo maji ya mwilini nayo huanza kumeza, na mlango ukafungwa tena. Kati ya damu na maji pamebaki dirisha la urefu wa wimbi la takribani nanomita 650 hadi 950 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na hata ndani ya dirisha hilo mwanga hutawanyika ovyo kama taa za gari kwenye ukungu wa asubuhi. Kwa mwanga mwekundu wa nanomita 630, dozi yenye manufaa huishia karibu nusu sentimita ndani ya nyama, na kwa ule wa karibu nanomita 800 husogea mbele zaidi kidogo. Uvimbe wa kongosho au wa ini haufikiwi kabisa kutokea nje, labda nyuzi ya mwanga ipenyezwe kwa sindano.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza katika uchaguzi huu linahusu mahali uvimbe ulipo, na chembe hufuata baadaye. Wapo wanafunzi wanaoanza na chembe kwa kuwa picha zake za hadubini ya elektroni zinapendeza, halafu wanatafuta ugonjwa wa kuibandika.

Kwa mtu wa Arusha au Moshi, magonjwa mawili yanajitokeza yenyewe. Moja ni saratani ya ngozi, pamoja na vidonda vya awali vinavyoitangulia, miongoni mwa watu wenye ualbino. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwapo tangu mwaka 1992, na ndiko mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yalikoanza kutengenezwa kwa ajili ya watu hao. Jingine ni saratani ya umio, ambayo ina ukanda wake mrefu unaopita Afrika Mashariki kuelekea kusini. Mgonjwa wake mara nyingi hufika hospitali akiwa amekwishaacha ugali, akaacha hata ndizi za kupondwa, na amebaki na uji mwepesi. Magonjwa yote mawili yapo mahali ambapo mwanga hufika, la kwanza kwa taa ya kawaida na la pili kwa nyuzi inayopitishwa ndani ya endoskopi, mrija wa kuchungulia ndani ya mwili.

Dhahabu

Mwaka 1857 Michael Faraday alionyesha kwamba dhahabu iliyogawanywa kuwa chembe ndogo mno ndani ya maji haiwi ya njano bali nyekundu. Chembe hizo za mviringo humeza mwanga wa kijani, karibu nanomita 520, yaani mwanga uleule ambao damu huumeza kabla haujafika popote. Ili dhahabu ifanye kazi ndani ya mwili, umbo lake lazima libadilishwe: ama liwe kama fimbo ndogo, njia iliyosukumwa mbele na Mostafa El-Sayed, mwanakemia mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Marekani, ama liwe ganda jembamba la dhahabu lililofunika kiini cha silika, kazi ya Naomi Halas na Jennifer West katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston. Maganda hayo, yenye upana wa karibu nanomita 150, yalitoka kwa panya mwaka 2003 na kufika kwa binadamu. Ripoti ya mwaka 2019 ilieleza wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume waliotiwa maganda hayo kwa mshipa kisha wakapigwa leza ya infraredi, na kwa 15 kati yao uunguzaji ulikamilika kama ulivyopangwa.

Hapo ndipo nguvu ya dhahabu ilipo, kwani haihitaji oksijeni, wakati katikati ya uvimbe mkubwa oksijeni huwa haba. Joto likipita nyuzi 50 seli hufa haraka, na joto hilo unalipima moja kwa moja kwa kipimajoto au kamera ya joto bila kubahatisha.

Utengenezaji wake nao huonekana rahisi. Njia ya sitrati, iliyoelezwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951, inahitaji chumvi ya dhahabu, sitrati ya sodiamu na maji yanayochemka. Utaona umanjano ukififia, maji yakibaki bila rangi kwa muda, kisha weusi wa bluu ukiingia, na mwishowe wekundu kama wa juisi ya rozela. Anayefanya hivyo Arusha akumbuke kwamba kwenye mwinuko wa mita kama 1,400 maji huchemka karibu nyuzi 95 na siyo 100, hivyo dakika zilizoandikwa katika makala ya mtu wa pwani zisinakiliwe kama zilivyo. Afuate rangi, kisha athibitishe kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa na kimiminika.

Niliposema nilipoteza miezi, nilikuwa na maana hii. Katika maabara ambayo sitaitaja, tulipika dhahabu katika chupa zilizooshwa kwa sabuni ya kawaida na kusuuzwa kwa maji ya bomba. Jioni wekundu ulikuwa safi, tukapigana picha. Asubuhi chupa ilikuwa ya zambarau, kesho yake ya kijivu, na chini yake palikuwa na vumbi jeusi ambalo halikuchanganyika tena hata kwa kutikiswa. Chembe hizi hukaa mbali mbali kwa sababu zina chaji zinazosukumana. Chumvi ikiingia, chaji hufunikwa na chembe hushikana. Maji ya Arusha, ambayo floraidi yake inajulikana na kila mwenye meno ya kahawia, hayana huruma katika jambo hili. Dawa yake ni maji yaliyotolewa ayoni zote na chupa zilizosafishwa kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki, mchanganyiko wa hatari ambao maabara isiyo na kabati zima la kufyonzea hewa isiuguse.

Fimbo za dhahabu zina taabu yake zaidi. Hukuzwa ndani ya sabuni iitwayo CTAB, ambayo ni sumu kwa seli, na mwanafunzi asiyeiondoa yote atatangaza kwamba dhahabu yake imeua saratani ilhali iliyoua ni sabuni. Tena dhahabu haiozi: isipokwenda kwenye uvimbe hubaki kwenye ini na wengu kwa muda mrefu. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyofanywa na kundi la Toronto yalikuta kwamba, kwa tafiti zilizokusanywa, kiasi cha kati cha chembe nano kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 tu ya dozi iliyochomwa. Takwimu hiyo inahusu chembe nano za kila aina, lakini kwa kitu kisichooza inauma zaidi.

Kisha kuna leza. Kiwango kinachokubalika kwa ngozi kwenye nanomita 808 ni takribani wati 0.33 kwa sentimita ya mraba, lakini makala nyingi za panya hutumia wati moja hadi mbili. Matokeo hupendeza, ila yamepatikana juu ya kizingiti ambacho binadamu hawezi kuvushwa bila kuungua.

Pofirini

Mwaka 1900 mjini Munich mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Oscar Raab, akiwa chini ya Hermann von Tappeiner, aliona kwamba vijidudu vilivyowekwa katika rangi ya akridini vilikufa pale mwanga ulipokuwapo na kuishi palipokuwa na giza. Miaka mitatu baadaye von Tappeiner alikuwa akipaka rangi ya eosini kwenye uvimbe wa ngozi na kuumulika. Akridini na eosini si pofirini, lakini kanuni ni ileile hadi leo: dawa hupokea mwanga, huupitisha kwa oksijeni, na oksijeni iliyochangamshwa hushambulia chochote kilicho jirani yake. Ujirani wenyewe ni mdogo sana, chini ya unene wa seli moja, kwa kuwa oksijeni hiyo huzimika kabla haijafika mbali. Ndiyo maana dawa ikiwa imejaa mwili mzima, utakachodhuru ni pale tu ulipomulika.

Tofauti yake na dhahabu inayonivuta ni kwamba hospitali zimekwisha kuitumia. Photofrin, dawa ya pofirini inayochomwa kwenye mshipa, iliidhinishwa Kanada mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu na Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya umio iliyoziba njia ya chakula, ugonjwa uleule nilioutaja hapo juu. Ila mgonjwa aliyepewa Photofrin hukaa na ngozi inayoungua kwa mwanga kwa siku 30 au zaidi. Mwambie hivyo mkulima wa Rombo au Machame wakati wa kuchuma kahawa, akae ndani na mapazia yamefungwa mwezi mzima, uone atakavyokuitikia kwa adabu kisha asirudi. Kwa umio, mrija wa kupanua njia unaowekwa kwa endoskopi humrudishia mgonjwa uwezo wa kumeza haraka, na utafiti wowote wa mwanga kuhusu umio unapaswa kushindana na mrija huo. Kwa hiyo simshauri mwanafunzi aanzie kwenye umio.

Kwenye ngozi hali ni tofauti. Huko hutumika asidi ya aminolevulini, ambayo yenyewe si pofirini bali ni malighafi: seli huipokea na kuipika kuwa pofirini kwa njia ileile inayotumika kutengeneza wekundu wa damu, na seli za vidonda vinavyoelekea saratani hujilimbikizia zaidi kuliko jirani zake. Marekani iliiidhinisha mwaka 1999 kwa vidonda vya awali vya ngozi vinavyoletwa na jua. Dozi ya taa ya bluu inayoambatana nayo ni miliwati 10 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40, jumla yake juli 10. Katazo la jua baada ya hapo ni la saa 40, si la mwezi. Nguvu ya taa ni ndogo kiasi kwamba mpangilio wa balbu za LED unaweza kuitoa, bila leza yoyote.

Zaidi ya hayo, molekuli moja hufanya kazi zote mbili. Ukiimulika kwa bluu ya nanomita 400 na kitu, pofirini hiyo hung'aa nyekundu kwenye karibu nanomita 635, na mwaka 2017 Marekani iliidhinisha asidi hiyohiyo kunywewa kabla ya upasuaji ili daktari aone mipaka ya uvimbe wa ubongo. Mwanafunzi mwenye bajeti ya kamera ya kawaida na kichujio chekundu anaweza kupiga picha za mng'ao huo kwenye seli, akaongeza mwanga, akaona seli zikifa, yote kwa kifaa kimoja.

Anayeuliza nano iko wapi hapo ameuliza vizuri. Asidi hii hupenda maji, na ngozi haipitishi kirahisi vitu vinavyopenda maji, hasa ngozi iliyokomaa magamba kwa miaka ya jua. Vibebeo vya mafuta vya kipimo cha nano huisaidia kupenya, na jeli moja ya aina hiyo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2016. Kibebeo bora, kinachohimili joto la Moshi bila kutengana, ni tatizo la kweli ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi kwa miaka miwili akalimaliza.

Njia ya pili ndani ya pofirini huishia kwenye vifuko vilivyoundwa na kundi la Gang Zheng huko Toronto na kutangazwa mwaka 2011. Vifuko hivyo, vya karibu nanomita 100, ukuta wake wote ni mafuta yaliyofungwa pofirini. Vikiwa vizima, pofirini zimebanana kiasi kwamba mwanga wote hugeuka joto, kama dhahabu. Vikivunjika ndani ya seli huanza kung'aa na kutoa oksijeni ya sumu. Na tofauti na dhahabu, vinaoza. Malighafi yake inayotumika sana hutokana na klorofili ya spirulina, mwani wa jamii ileile ambayo heroe hufuata kwenye maziwa ya magadi kama Natron na Momella. Spirulina ina klorofili a peke yake bila ile b, kwa hiyo kuisafisha ni rahisi kuliko kuanza na majani. Hatua ya kwanza kila mpishi anaijua bila kujua jina lake: mchicha uliopikwa muda mrefu na nyanya hupoteza ukijani na kuwa wa kahawia iliyofifia, kwa sababu asidi imeng'oa magnesiamu iliyokuwa katikati ya klorofili. Unachofanya maabara ni hichohicho, kwa asidi iliyopimwa. Nunua unga wa spirulina iliyofugwa, usiende kuchota ziwani ndani ya hifadhi.

Upungufu wake usifichwe. Tiba hii huuma, na mgonjwa wa asidi ya aminolevulini huhisi kama anachomwa sindano nyingi muda wote taa inapowaka. Katikati ya uvimbe mnene ambapo oksijeni ni kidogo, hufanya kazi kidogo. Melanini humeza mwanga, hivyo dozi iliyopimwa kwa ngozi ya Wazungu haihamishiki kwa ngozi nyeusi bila kupimwa upya. Kwa ngozi yenye ualbino kizuizi hicho hakipo, lakini kinga ya jua baada ya tiba inahitaji uangalifu wa pekee, na nikisema mtu akae ndani nina maana ndani kabisa, siyo kivulini chini ya mwembe.

Nukta za kaboni

Hapa nitakuwa mfupi. Ziligunduliwa kwa bahati mwaka 2004 watafiti wakisafisha mirija ya kaboni, na tangu hapo kila aina ya mabaki ya jikoni imekwisha kuokwa ndani ya chombo cha shinikizo kwa nyuzi 180 hadi 200. Kila mwaka yupo anayekuja na maganda ya ndizi, na namwelewa, kwa sababu furaha ya kuyaona maji ya kahawia yakiwaka bluu chini ya tochi ya kukagulia noti bandia haielezeki.

Lakini hebu irudie ile tochi na kidole. Nukta nyingi za aina hii huhitaji mwanga wa urujuanimno au bluu ili zing'ae, na hujibu kwa bluu au kijani, rangi ambazo damu haizipitishi hata milimita chache. Ndani ya sahani ya seli zinapendeza. Ndani ya mwili ni giza. Zaidi ya hapo, mwako huo wakati mwingine hautoki kwenye nukta bali kwenye molekuli ndogo zilizozaliwa pembeni wakati wa kuoka, na asiyechuja kwa mfuko wa dayalisisi, unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza chembe, kwa siku kadhaa huku akipima maji ya nje hawezi kujua anachokipiga picha ni nini. Zichague kama unataka kujifunza mbinu za upimaji, au kama lengo lako ni kupima metali kwenye maji. Kwa tiba ya saratani, sizishauri.

Nukta za kwanta zenye kadimiamu, fuwele ndogo mno zinazong'aa ambazo elimu yake ilipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, ziachwe kwa sababu ya sumu ya kadimiamu yenyewe. Chembe za madini adimu zinazopandisha mwanga wa nanomita 980 kuwa wa rangi zinavutia, lakini hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga zinaoupokea, na maji ya mwilini humeza 980 na kupata joto. Rangi ya kijani ya indosianini, iliyoidhinishwa Marekani tangu mwaka 1959, ni jambo jingine: hutoka kwenye damu kupitia ini kwa dakika chache, na daktari wa upasuaji mwenye kamera ya infraredi anaweza kufuatia nayo tezi za limfu za matiti. Kama hospitali unayoshirikiana nayo ina kamera hiyo, basi ifikirie kabla ya yote niliyosema.

Mambo ya kupima bila kujali ulichochagua

Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na chembe. Jaribio la seli linahitaji makundi manne: lisilo na chembe wala mwanga, lenye mwanga tu, lenye chembe tu gizani, na lenye vyote viwili. Kundi la tatu ndilo linalofichua sabuni ya CTAB, na ndilo linaloachwa mara nyingi. Kipimo cha rangi kinachotumika kuhesabu seli hai husomwa kwenye mwanga wa kijani ambao dhahabu nayo huumeza, kwa hiyo mwenye dhahabu atoe kwanza rangi ya chembe zake kwenye hesabu. Mwenye pofirini anaweza kuthibitisha kwamba oksijeni ya sumu inazaliwa kwa kuweka kemikali ya njano inayochuja kadiri inavyoshambuliwa, na kusoma kuchuja huko kwa spektrofotomita ileile ya dhahabu. Kwa mwenye uwezo wa chombo kimoja tu, hiyo ni faida.

Vibali navyo vianze mapema. Jaribio lolote kwa binadamu linahitaji kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na usimamizi wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na miaka miwili ya uzamili haitoshi kufika huko. Lenga seli, au ngozi ya nguruwe iliyonunuliwa buchani kwa kupima upenyaji wa kibebeo, na uandike wazi kwamba umeishia hapo.

Na kabla ya kuagiza kemikali yoyote, agiza kipimo cha nguvu ya mwanga. Taa ya LED iliyoandikwa wati 10 haikuambii ni miliwati ngapi zinazofika juu ya sahani iliyo sentimita tano chini yake, na umeme wetu unapopanda na kushuka taa isiyo na kidhibiti hupanda na kushuka nao. Nilipopima yangu kwa mara ya kwanza, katikati ya sahani palikuwa na mara mbili ya mwanga wa pembeni, na seli nilizodhani zimeponea kwa ukaidi wao zilikuwa zimekaa kivulini tu.